Kona za kujifunzia zimenishinda: nizing'oe nirudi ubaoni?

Shikamoo Mama Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali mkoani Lindi. Huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Kwetu ni Singida, huku nimeletwa na ajira, na darasa hili nilikabidhiwa mwaka jana baada ya mwalimu aliyekuwepo kustaafu. Nina watoto 93 kwenye chumba kimoja, na mwalimu ni mimi peke yangu.

Mwezi wa pili nilipelekwa kwenye mafunzo ya siku tano kuhusu kufundisha kwa michezo na kutengeneza kona za kujifunzia. Nilirudi na ari ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu nianze kazi. Jumamosi na Jumapili nzima nilishinda darasani. Nilinunua manila, gundi, kalamu za rangi na kamba, Sh 38,000 za mfukoni mwangu. Watoto walileta vizibo, makopo, maboksi, vifuu na mifuko ya saruji. Nikatengeneza kona nane: ya lugha, ya hesabu, ya sayansi, ya sanaa, ya afya, ya ujenzi, ya duka na ya nyumbani. Jumatatu watoto walipoingia walisimama mlangoni, wakanyamaza, halafu wakapiga makofi. Siku ile nililia.

Wiki ya tatu kila kitu kilikuwa kimeharibika. Kila nikiwaruhusu waende kwenye kona wanakimbilia kona mbili tu, ya duka na ya nyumbani, wanagombana, wanalia, wanakuja kushitakiana kwangu. Mimi muda huo nautumia kusahihisha madaftari, maana madaftari 93 hayaishi. Vizibo vimepungua hadi sijui vimebaki vingapi. Mlango wetu hauna kitasa, kwa hiyo vitu vingine vinachukuliwa usiku. Vitabu viwili vya hadithi vimechanwa.

Mzazi mmoja alikuja na daftari la mwanawe, akalifungua mbele yangu, akasema, "Mwalimu, tangu Jumatatu hakuna hata tiki moja nyekundu humu. Kucheza mwanangu anacheza nyumbani bure, huku nimemleta asome." Wenzake wawili waliokuwa barazani wakamuunga mkono. Sikuwa na la kujibu.

Mwalimu mkuu naye ameniita. Darasa la nne wako chumba cha pili na wana upimaji wa kitaifa mwaka huu. Amesema kelele zimezidi, nipunguze hizo kona au niziache kabisa. Hakusema kwa ubaya, ni mtu mwema, lakini nimeumia.

Sasa kona zimebaki mapambo. Nafundisha ubaoni kama zamani, na manila zinaning'inia mpaka aje mgeni. Najiona mwongo mbele ya watoto wangu.

Jambo moja tu linanizuia nisizing'oe. Nina binti mmoja ambaye tangu Januari hakuwahi kutamka neno darasani. Nikimwita ubaoni anatazama chini. Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari langu kwamba huenda ana tatizo la kusikia au ni mzito wa kuelewa. Siku moja nikamsikia kwenye kona ya nyumbani akimfokea mwanasesere wa kitambaa, maneno yanatoka kama mvua, yote kwa Kimwera. Mimi Kimwera sikijui. Niligeuka kumtazama, akanyamaza.

Nishauri, Mama. Nizing'oe, au kuna namna?

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, Lindi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kazi, na hongera kwa wikiendi ile uliyoshinda darasani.

Usizing'oe zote. Lakini kona sita kati ya hizo nane, zote isipokuwa ya duka na ya nyumbani, zishushe kesho, uzifunge vizuri, uziweke juu ya kabati la ofisini. Nitakueleza kwa nini. Na yule binti nitamrudia mwishoni kwa sababu nataka umfikirie wakati unayasoma haya mengine.

Kwanza nikuulize: watoto walipokuwa kwenye kona, wewe ulikuwa wapi? Umenijibu mwenyewe kwenye barua. Ulikuwa mezani, unasahihisha madaftari. Sikulaumu, kwa sababu nilikaa meza hiyo hiyo. Mwaka wangu wa sita kazini nilikuwa na kona nzuri kuliko zako, nina vibuyu, nina vikapu vya ukili vya saizi tano, na watoto wakienda kucheza mimi nashukuru Mungu nimepata nusu saa ya kusahihisha. Akaja mkaguzi, mzee mmoja mpole, akavua viatu, akakaa mkekani na watoto karibu dakika kumi. Aliponyanyuka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa pale kwenye mchanga wanajifunza nini leo?" Nikasema wanajifunza kupima. Akasema, "Nani kati yao anaweza na nani bado?" Sikujua. Sikumjua hata mmoja. Nimestaafu, nina wajukuu, na swali lile bado nalisikia.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unatoka hapo. Kona haifundishi yenyewe. Kizibo ni kizibo tu mpaka mwalimu akae karibu, aone mtoto anakifanyia nini, na amuulize swali moja la kumsogeza mbele. Ukiwa mezani, watoto 93 wenye vizibo watafanya kile ambacho watoto 93 wasio na mtu watafanya popote. Ugomvi wa kona, kelele, vizibo kupotea, hata lile daftari lisilo na tiki, vyote vimetokea kwenye pengo uliloliacha ulipoinama kusahihisha.

Najua utasema, Mama, mimi ni mmoja, nitakaa kona nane kwa wakati mmoja? Hukai. Ndiyo maana nimesema sita zishuke.

Mwongozo wa serikali unasema darasa la awali liwe na watoto 25 kwa mwalimu mmoja na darasa la msingi watoto 45. Wewe unao zaidi ya mara mbili, na hili halikuanza kwako. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa ya mwanzo yalifurika nchi nzima, na ni jambo jema kwamba watoto wale waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa michango sasa wako shuleni. Lakini kona nane zilizopangwa kuzunguka ukuta ni mpango wa darasa la watoto 25. Waliokufundisha huenda walikuonyesha picha za darasa la namna hiyo. Darasa lako linataka mpango wake.

Mpango niliouona ukifanya kazi kwenye darasa kama lako ni huu. Achana na kona za ukutani, hata zile mbili zilizobaki zihamishie kwenye ndoo. Tafuta ndoo sita zenye mifuniko, zile za rangi za ukutani zikioshwa vizuri zinafaa, au vikapu kama ndoo hazipatikani. Gawa watoto makundi sita ya watoto 15 au 16, uyape majina ya miti wanayoiona kila siku: Mkorosho, Mnazi, Mwembe, Mbuyu, Mpapai, Mfenesi. Kila kundi lina mkeka wake na mahali pake, na mikeka miwili iwe nje kivulini kama kuna mti. Aina za kazi ziwe tatu tu, kila aina ndoo mbili: nyumba na duka, kusoma na kuandika, kuhesabu na kujenga. Jumatatu, Jumanne na Jumatano kila kundi linapita aina zote tatu. Kila siku wewe unakaa mkeka mmoja tu. Mitano mingine unaitupia macho, lakini umekaa mmoja. Baada ya wiki mbili umekaa na watoto wako wote, kwa karibu, kwa magoti. Huku ubaoni ungemaliza mwaka hujamsikia kila mmoja akisoma sentensi.

Ndoo jioni inaenda ofisini kwa mwalimu mkuu au nyumbani kwako. Habari ya mlango usio na kitasa imeisha.

Na vizibo vinavyopungua? Andika idadi juu ya mfuniko kwa herufi kubwa: VIZIBO 50. VIJITI 40. VIFUU 6. Kazi ya mwisho ya kundi kabla ya kufunga ni kuhesabu na kulinganisha na mfuniko. Kikikosekana kimoja wanatafuta wote. Nilikuwa na kundi moja lililokuwa likihesabu vizibo mara tatu mfululizo, linapata 49, 51, 49, na mabishano yao yalinionyesha nani anaruka kumi na saba na nani anahesabu kizibo kimoja mara mbili. Hapo ndipo mtoto mmoja alipogundua mwenyewe kuvipanga kumi kumi. Sikumfundisha mimi. Ningemfundisha ubaoni nadhani ningetumia wiki.

Usianze na ndoo sita kwa siku moja. Kosa la kufungua kila kitu Jumatatu moja ndilo lililokuletea vita. Wiki ya kwanza ndoo ya aina moja tu, na siku mbili za mwanzo hawachezi sana: wanajifunza kufungua, kutoa, kugawana, kurudisha, kuhesabu, kufunga. Tafuta vifuu viwili vya nazi, vigonge kwa pamoja, hiyo ndiyo ishara: mikono juu, midomo kimya. Wafanyie mazoezi kama mchezo mpaka wanyamaze kabla ya pigo la tatu. Sauti ya vifuu inapenya kelele kuliko koo lako, na koo lako utalihitaji miaka thelathini.

Alhamisi waache wachague wenyewe, maana mchezo ambao mtoto hakuuchagua hata mara moja kwa wiki unageuka kuwa zoezi lenye jina zuri. Kila mtoto awe na kadi yenye jina lake. Kila mkeka una kamba yenye nafasi 16. Anatafuta jina lake, analining'iniza, nafasi zikijaa anachagua pengine. Ugomvi utapungua kwa sababu aliyeamua ni kamba, si mwenzake. Na bila kutambua watakuwa wanasoma majina ya darasa zima kila Alhamisi.

Sasa nikupeleke kwenye mkeka mmoja, nyumba na duka, kwa sababu watoto wako wameshakuambia wanaupenda. Nyumba inakaa upande huu, duka upande ule. Mama wa nyumba anamtuma mtu dukani, na kutumwa kunahitaji karatasi: anaandika anachotaka. Mwenye duka naye ameandika bei kwenye vipande vya boksi. Pesa ni vizibo. Kaa hapo, uwe mteja. Utaona bei imeandikwa "cumvi 3", nyingine "sukali 8", nyingine "sabuni 7". Usichukue kalamu nyekundu. Una daftari lako dogo magotini, andika: huyu sauti ya ch bado, huyu anachanganya r na l, huyu yuko sawa. Toa vizibo kumi, nunua sabuni ya saba, nyoosha mkono usubiri chenji. Mtoto mmoja atakupa vitatu papo hapo. Mwingine atahesabu kuanzia saba: nane, tisa, kumi. Mwingine atakurudishia vyote kumi kwa sababu anakupenda. Hao ni watoto watatu walio mahali patatu tofauti katika kutoa, na umewajua kwa muda wa kununua sabuni moja. Kesho asubuhi ubaoni unajua ufundishe nini na umwangalie nani. Ubao haujafa, mwanangu. Unaufundishia kile ambacho mkeka umekuonyesha.

Ndoo ya kuhesabu usiijaze vitu vya kununua. Weka mdako. Najua huko Lindi wanaucheza, hata kama ni nje ya uzio wa shule. Kishimo, kokoto kumi na mbili, komwe moja, ile mbegu ngumu ya kurushia. Mtoto anarusha komwe juu, kabla haijatua anazikomba kokoto zitoke shimoni, anairusha tena anazirudisha na kubakiza moja nje. Mzunguko unaofuata anabakiza mbili, halafu tatu. Hebu fikiria kichwa chake kinafanya nini komwe ikiwa hewani na anatakiwa abakize tano: zirudi saba. Hiyo ni kumi na mbili kutoa tano, kwa nusu sekunde, na vidole vinajibu. Bibi zetu waliicheza bila kuiita hesabu. Wewe iite. Mchezo ukiisha, mpe kijiti aandike chini: 12 - 5 = 7.

Nitoe tahadhari hapa, maana uko kwenye mkoa wa korosho. Korosho zenye maganda usiwape wahesabie, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Mbegu za nyonyo usiziingize darasani hata moja, zina sumu. Na mbegu ndogondogo kama maharage weka mbali na watoto wa awali wakija kutembea, wanazitia puani.

Kelele. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla hujaanza tena, usingoje akuite. Nenda na andalio la somo mkononi. Usiandike "watoto watacheza kwenye kona". Andika umahiri unaoulenga, andika mkeka gani unaupima leo, andika watoto 15 utakaowasikiliza kwa majina. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unakutaka umuweke mtoto katikati na upime anachoweza kufanya, na mwalimu mkuu anajua kwamba mdhibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, akija ataliuliza hilo. Kisha mwombe kitu kimoja chepesi: ratiba ya darasa la nne. Weka mikeka wakati wao wako nje kwenye michezo au kilimo, na siku za mazoezi yao ya upimaji hamisha mikeka yote chini ya mti. Umesema ni mtu mwema. Mtu mwema anayelinda darasa la nne na wewe unayelinda darasa la kwanza mnaweza kugawana saa za siku. Pia mwambie wazi kwamba mtoto asiyejua kusoma darasa la kwanza ndiye atakayemsumbua kwenye upimaji wa darasa la nne miaka mitatu ijayo. Hilo atalielewa haraka.

Mzazi wa daftari nimempenda. Nakuomba usimwone adui. Amefungua daftari la mwanawe, wangapi wanafungua? Yeye alisoma kwa chaki na fimbo, na ushahidi pekee aliopewa kwamba mtoto anasoma ni ile tiki nyekundu. Umemnyima tiki na hujampa kitu kingine cha kushika. Mpe. Mwisho wa kila zamu ya mkeka, mtoto aandike mstari mmoja kwenye daftari, na tarehe: "Leo nimeuza sabuni 7." Mstari mmoja, kila mtoto, kila siku ya mkeka. Mstari huo ndio utakaousahihisha, na madaftari 93 ya mstari mmoja yanasahihishika. Zile karatasi za dukani zenye "cumvi" usizitupe, zitie kwenye bahasha ya kila mtoto. Mwezi wa sita utamwonyesha mzazi "cumvi" ya Machi na "chumvi" ya Juni, zote kwa mkono wa mwanawe.

Halafu waite wazazi, si kwa hotuba. Wavue viatu, wakae mkekani na watoto wao, wanunue sabuni, wacheze mdako. Akina mama watawashinda watoto mdako, utaona watakavyocheka, na ukiwauliza ulikuwa unahesabu vipi bila kuangalia, watanyamaza wafikiri. Wakikuambia kucheza si kusoma, waambie pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeitaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu. Lakini hilo liseme mwishoni, baada ya mdako. Sheria haimgusi mzazi kama mwanawe anavyomgusa akimrudishia chenji sahihi.

Na wasije wakadhani umeleta jambo la shule za wenye fedha. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani shule ya wadogo, huko Roma mwaka 1907, ilikuwa mtaa wa San Lorenzo, watoto wa vibarua maskini, chumba kimoja, watoto kama 50. Karibu na kwetu zaidi, Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, mwalimu, alipita kwa wazazi na wazee wa misikiti kuwashawishi wafungue madrasa za watoto wadogo zinazochanganya Kurani, lugha na kucheza. Vifaa vilikuwa vya mazingira yao: makombe ya pwani, vifuu, ukili, vibao. Kazi ile, kwa kusaidiwa na shirika la Aga Khan Foundation, ilivuka ikafika Zanzibar na Uganda. Wazazi wale nao walikuwa na hofu zao, na hawakushawishika siku moja. Kilichowashawishi ni kuingia, kukaa na kuona. Ninyi wa Lindi mna pwani ile ile na makombe yale yale.

Kuhusu Sh 38,000, zimeniuma. Usinunue tena manila. Kibao kimoja cha boksi lililoandikwa na mtoto "DUKA LETU" kwa herufi zilizolala kina thamani kuliko manila tano ulizoziandika wewe kwa rangi nne. Zile ulizonunua zikunje, zikate, ziwe kadi za majina 93. Zinatosha.

Umeandika kwamba unajiona mwongo mbele ya watoto. Mwongo hatumii Sh 38,000 zake kwa watoto wa wenzake. Umechoka, na ulianza peke yako. Mwenzako wa darasa la pili umemwambia? Mwalike aje akae mkeka mmoja, saa moja tu kwa wiki. Watoto hawa mwakani ni wake, naye ana faida ya kuwajua mapema.

Sasa yule binti.

Uliandika kwamba huenda hasikii au ni mzito wa kuelewa. Nakuomba leo ulifute hilo kwa wino, hata kama hakuna mwingine aliyelisoma, kwa sababu maandishi ya namna hiyo humfuata mtoto darasa hadi darasa. Ulichokisikia kwenye kona ya nyumbani ni mtoto mwenye lugha nzima kichwani: anaamuru, anafoka, anaeleza, huenda anaiga sauti ya mama yake neno kwa neno. Hana upungufu wa lugha. Hana Kiswahili cha kutosha bado, na ana hofu ya ubao, na hivyo viwili vinatibika. Nyumba ile ya maboksi ndiyo mahali pekee shuleni ambapo hakuna aliyemngojea akosee. Ungekuwa umezing'oa kona wiki iliyopita, ungemaliza mwaka ukiamini hana sauti.

Mtafutie rafiki. Kati ya watoto 93 wapo wengi wanaoongea Kimwera nyumbani na Kiswahili wanakijua vizuri. Chagua mmoja mpole, si yule hodari wa darasa, uwaweke kundi moja. Alhamisi wakichagua nyumba waachie nyumba, hata wiki nne mfululizo. Usimtenge na mwanasesere wake. Mwombe mzazi wake, au jirani yeyote mwenyeji, akufundishe salamu za Kimwera, na majina ya vitu vilivyomo kwenye ndoo: chungu, mwiko, maji, moto, mtoto. Uwe nayo kwenye daftari lako magotini.

Usimwite ubaoni tena kwa sasa. Jumatatu kaa kwenye mkeka wake kama mgeni aliyepita. Piga hodi. Usimuulize jina la kitu chochote, usimuulize ni vingapi. Omba chai. Atakupa kifuu kitupu. Kinywe polepole, mrudishie, mwambie asante kwa Kiswahili na kwa Kimwera, halafu ubaki hapo hapo umekaa, umsubiri aseme atakalo kwa lugha atakayo.